Paris Imefundishwa Vizuri, Kata Imeguswa Juu Juu: Tathmini ya Mafunzo ya Taarifa za Magonjwa ya Wanyama Jijini Mbeya

Mafunzo ya kuwaandaa watumishi wa Serikali kutoa taarifa za magonjwa ya wanyama kwa utaratibu wa kimataifa, yaliyofanyika jijini Mbeya kwa ajili ya mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ni miongoni mwa mafunzo machache ya sekta ya mifugo ambayo ningemshauri mtumishi mwenzangu ayahudhurie hata kama posho ingekuwa nusu ya ile iliyotolewa. Nayasema haya mapema ili dosari nitakazozieleza zisichukuliwe kuwa ni kinyongo cha mtu aliyekosa kiti cha mbele. Waandaaji walijipanga, wakufunzi wanaijua kazi yao, na washiriki wengi waliondoka wakiweza kufanya jambo ambalo siku ya kwanza hawakuliweza. Tatizo ni kwamba tulifundishwa kwa umakini mkubwa sehemu ya mwisho ya safari ya taarifa, yaani pale inapotoka Dodoma kwenda Paris, yaliko makao ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ilhali wengi wetu tunafanya kazi mwanzoni mwa safari hiyo, na huko ndiko taarifa nyingi zinakopotelea.

Walioalikwa walikuwa madaktari wa mifugo wa halmashauri za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, washauri wa mifugo kutoka sekretarieti za mikoa, wataalamu wa maabara, wakaguzi wa vituo vya mpakani vya Tunduma na Kasumulu, pamoja na watu wachache wa wanyamapori. Mchanganyiko huo ulikuwa mzuri. Mkaguzi wa Tunduma huyaona malori ya ng'ombe ambayo daktari wa Mbarali hayaoni tena akishasaini kibali cha kusafirisha mifugo, na mtu wa maabara ndiye anayejua kwa nini sampuli iliyotumwa wiki iliyopita haikupimika. Mara nyingi watu hawa hukutana kwenye makaratasi tu, na pengine kulalamikiana.

Somo la kwanza lilikuwa historia, na kwa desturi ya semina zetu hapo ndipo washiriki huanza kuchezea simu. Safari hii halikuchosha, kwa sababu mkufunzi hakutusomea majina ya marais wa shirika bali alianza na meli. Mwaka 1920 ng'ombe wa aina ya zebu waliokuwa wakisafirishwa kutoka India kwenda Brazili walipitishwa katika bandari ya Antwerp, wakaiacha sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, nchini Ubelgiji, na hofu iliyofuata ndiyo iliyozaa makubaliano ya tarehe 25 Januari 1924, ambapo nchi 28 ziliunda ofisi jijini Paris ya kupashana habari za magonjwa ya wanyama. Ofisi hiyo ndiyo leo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye wanachama 183, ambalo tangu mwaka 2022 linatumia kifupi cha WOAH ingawa wengi wetu bado tunaliita OIE. Kutoka hapo tuliruka hadi mwaka 2011, sotoka ya ng'ombe ilipotangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kufikia hatua hiyo baada ya ndui ya binadamu. Kwa watu wa nchi ambayo ng'ombe wake walifagiliwa na sotoka ya miaka ya 1890, hoja ya kwamba taarifa huokoa mifugo haikuhitaji maneno mengi zaidi.

Uzito wa mafunzo ulianza kuonekana tulipofika kwenye sura ya Kanuni za Afya ya Wanyama wa Nchi Kavu za shirika hilo inayohusu utoaji wa taarifa. Katika ofisi nyingi za wilaya kuna imani kwamba ugonjwa ukishakuwemo katika orodha ya shirika, ambayo ina magonjwa zaidi ya 100, basi kila mnyama anayeugua ni dharura ya kimataifa. Kwa kuwa haiwezekani kumtangaza kila ng'ombe kwa dharura, ofisi huishia kutotangaza chochote. Mkufunzi aliivunja imani hiyo kwa kutumia mifano ya hapa hapa. Kideri kinachoua kuku wa Rungwe kila mwaka na ndigana kali inayowasumbua wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ni magonjwa ya orodha, lakini kwa kuwa yapo na yanajulikana yapo, mahali pake ni katika taarifa ya nusu mwaka, inayotolewa mara mbili: moja ya Januari hadi Juni na nyingine ya Julai hadi Desemba. Kinachodai taarifa ya dharura ndani ya saa 24 tangu kuthibitishwa ni tukio lisilo la kawaida: ugonjwa kuonekana kwa mara ya kwanza katika nchi au ukanda, kurudi baada ya kutangazwa kuwa umekwisha, kuibuka kwa aina mpya ya kirusi, kupanda ghafla kwa idadi ya vifo au kubadilika kwa mtawanyiko wake, au kumpata mnyama ambaye kwa kawaida haupati. Baada ya hapo nchi hutoa taarifa za ufuatiliaji kila wiki hadi tukio lifungwe kwa taarifa ya mwisho.

Mfano wa sotoka ya mbuzi na kondoo ulielezwa vizuri kuliko mingine yote. Ilipothibitishwa nchini mwaka 2008, kule kaskazini, ilikuwa habari ya dharura bila mjadala, na ndani ya miaka michache ilikuwa imefika Mtwara, ikawatia wasiwasi majirani wote wa kusini. Leo mbuzi akiugua mahali ambapo ugonjwa unajulikana kuwepo, anaingia katika hesabu ya nusu mwaka. Lakini ukionekana kwa wanyama wa porini wa Ruaha, mjadala unafunguka upya, na daktari wa wilaya iliyo jirani na hifadhi ndiye atakayetakiwa kujua hilo kabla ya mtu wa Dodoma. Dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na sioni jinsi lengo hilo litakavyofikiwa ikiwa wanaouona kwanza hawajui ni lini wapige simu usiku na ni lini wasubiri fomu ya mwezi.

Mjadala mkali kuliko yote ulizuka kuhusu safu moja tu ya taarifa ya nusu mwaka, ile inayoitaka nchi ieleze kama ugonjwa upo, haupo, unashukiwa, au hakuna taarifa. Kuna daktari aliyeuliza kama halmashauri isiyowahi kupeleka sampuli ya homa ya bonde la ufa inaweza kuandika kwamba ugonjwa huo haupo. Wakufunzi walijibu kwa msimamo: "haupo" ni kauli ya mtu aliyetafuta, na asiyetafuta anapaswa kukiri kwamba hana taarifa. Jibu hilo halikupendwa, kwa sababu katika utumishi wetu kuandika "hakuna taarifa" kunasomeka kama kukiri uzembe, na mkuu wa divisheni hatapenda kulisaini. Hata hivyo ni jibu sahihi. Nadhani hata kama mtu angesahau mengine yote, akilishika hilo peke yake, taarifa za mwezi za ofisi yake zitabadilika.

Kisha tukaenda kwenye kompyuta. Mfumo wa kimataifa unaotumika ni WAHIS, na toleo lake jipya lilianza kutumika mwaka 2021. Anayeruhusiwa kuingiza taarifa za nchi ni mwakilishi rasmi wa nchi katika shirika, ambaye kwetu ni Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, pamoja na maofisa anaowateua kwa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba katika ukumbi mzima hapakuwa na mtu ambaye kesho yake angeingia katika mfumo huo kwa kazi halisi. Nilitarajia zoezi hilo lingekuwa la kupoteza muda. Haikuwa hivyo, kwa sababu wakufunzi walilitumia kutuonyesha jinsi kosa dogo la wilayani linavyogeuka kuwa uongo wa nchi nzima.

Zoezi lilihusu homa ya nguruwe ya Afrika katika kijiji cha kubuni kilichowekwa wilayani Kyela, na chaguo hilo halikuwa la bahati nasibu. Milipuko iliyoanzia Kyela kati ya mwaka 2010 na 2011 ilikuwa ya kirusi cha jenotaipu ya II, aina ileile iliyovuka kutoka kusini mashariki mwa Afrika hadi Georgia mwaka 2007 na kufika China mwaka 2018. Tulipewa masimulizi ya afisa mifugo wa kata, yaliyoandikwa kama maofisa wa kata wanavyoandika kweli, kisha tukatakiwa kuyageuza kuwa takwimu. Mfugaji ana nguruwe 12, watano wameugua, watatu kati yao wamekufa, wawili wamechinjwa haraka na nyama kuuzwa. Makundi mengi yalijaza wagonjwa wawili na vifo vitatu, kana kwamba mnyama akishakufa anaacha kuwa mgonjwa, wakati mfumo unahesabu vifo ndani ya wagonjwa. Wale nguruwe wawili waliochinjwa wakaandikwa kuwa wameuawa na kuteketezwa, na hilo ni kosa zito zaidi: kuteketeza ni hatua ya kudhibiti ugonjwa, ilhali kuchinja na kuuza ni njia ya kuusambaza. Msomaji wa taarifa hiyo aliyeko Lilongwe au Lusaka angeamini kwamba Tanzania imechukua hatua, kumbe nyama iko sokoni.

Suala la idadi ya wanyama walio hatarini nalo lilikula muda, na kwa haki. Mlipuko unahesabiwa kwa kundi la wanyama wanaoishi katika hatari moja, na katika kijiji ambacho nguruwe huzurura, kundi hilo si banda la mfugaji mmoja bali kijiji chote. Kwa hiyo jibu la safu ile si 12 bali ni nguruwe wote wa kijiji, hata wasioumwa. Mtu aliyezoea kuhesabu kwa kaya, kama tunavyofanya kwenye chanjo, anapata shida hapa, na wakufunzi walirudia hadi likaeleweka.

Lililowachekesha watu ni alama ya kutoa. Mbeya iko karibu nyuzi 8.9 kusini mwa ikweta na nyuzi 33.4 mashariki, na katika mfumo latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele. Kundi moja liliisahau alama hiyo, na mlipuko wao ukatokeza kwenye ramani ukiwa Sudan Kusini. Ukumbi ulicheka, lakini mkaguzi wa mpakani aliyekaa karibu nami alisema kwa sauti ya chini kwamba amewahi kuona taarifa halisi za namna hiyo, na sina sababu ya kumshuku. Simu nyingi za maofisa wa kata zinasoma majira ya mahali (latitudo na longitudo) zenyewe, na EMA-i, programu ya simu ya kutolea taarifa za magonjwa ya wanyama ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), inayotumika nchini, huyachukua bila mtu kuandika tarakimu. Kosa huingia pale daktari wa wilaya anapoyanakili kwa mkono kwenye karatasi nyingine.

Jambo jingine la aina hiyo, ambalo mtu wa Nairobi au wa Paris hawezi kulijua, ni majina ya mikoa. Njombe ilitengwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatengwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Anayetaka kulinganisha magonjwa ya leo ya Tunduma na ya miaka 15 iliyopita atayakuta yale ya zamani chini ya Mbeya, na asipojua hivyo atahitimisha kwamba Songwe haikuwa na ugonjwa wowote kabla ya 2016 na kwamba Mbeya imepona ghafla. Mkufunzi mmoja, mwenyeji wa kanda hii, alitumia jedwali la mfano kuonyesha mtego huo. Halikuwemo katika ratiba, alilichomeka mwenyewe, na lilikuwa na faida kuliko saa nzima ya maneno ya ufunguzi.

Kipindi kuhusu hofu ya kutangaza ugonjwa ndicho kilichopangwa vizuri kuliko vyote. Hakuna aliyejifanya kwamba kutangaza hakuna gharama. Tulielezwa jinsi Afrika Kusini ilivyosimamishiwa hadhi ya ukanda usio na ugonjwa wa miguu na midomo mwezi Januari 2019 baada ya mlipuko nje ya eneo la udhibiti, na wanunuzi wakafunga milango. Tulielezwa pia upande wa pili. Mwaka 2001 Uingereza iliteketeza zaidi ya wanyama milioni 6 kwa ugonjwa huohuo, na shamba lililohusishwa na mwanzo wa janga lilikuwa la mfugaji wa nguruwe ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa kutotoa taarifa. Botswana ilipoingiliwa na homa ya mapafu ya ng'ombe mwaka 1995, iliwaua ng'ombe wapatao 320,000 wa Ngamiland ili kuinusuru sehemu nyingine ya nchi. Kwetu ugonjwa huo ulikuwa haujaonekana tangu miaka ya 1960, ukarudi mwaka 1990 kutokea kaskazini, na katikati ya muongo huo ulikuwa umeshafika Nyanda za Juu Kusini, mlangoni mwa Zambia na Malawi. Mifano hiyo ilipowekwa pamoja, hoja ilijitengeneza yenyewe: kanuni zinaruhusu nchi kutenga ukanda ulio salama na kuendelea kuuza kutoka humo, lakini hakuna mnunuzi atakayeuamini ukanda wa nchi inayojulikana kuficha.

Hapo ndipo ninapoanza kulalamika. Saa 24 zinazosisitizwa na kanuni huanza kuhesabiwa tangu ugonjwa uthibitishwe, si tangu nguruwe wa kwanza akatae chakula. Kati ya matukio hayo mawili kuna mfugaji anayeamua kama atoe habari au amuuze mnyama kabla hajafa. Kuna afisa mifugo wa kata mwenye pikipiki isiyo na mafuta. Kuna sampuli inayopaswa kufika maabara ikiwa na baridi. Na kuna barua inayopita katika ofisi tatu. Nchi inaweza kutimiza saa zake 24 kwa ukamilifu, ikasifiwa, huku ugonjwa ukiwa umeshatembea mwezi mzima kwa basi na pikipiki. Sehemu hii yote ilipewa kipindi kimoja cha mchana, baada ya chakula, na mkufunzi akaikimbiza kwa sababu vipindi vya asubuhi vilikuwa vimezidi muda.

Kulikuwa na mengi ya kuzungumza. Daktari wa mifugo wa wilaya ni mtumishi wa halmashauri na yuko chini ya TAMISEMI, ilhali Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo yuko wizarani. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inampa Mkurugenzi huyo madaraka makubwa juu ya magonjwa, lakini bajeti ya mafuta ya gari litakalokwenda kijijini imo mikononi mwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ambaye ana madarasa ya kujenga na barabara za kutengeneza. Kila mtu ukumbini aliijua hali hiyo, na kila mtu alitaka kusikia jinsi wengine wanavyoikabili. Daktari mmoja alianza kueleza utaratibu ambao halmashauri yao imeuweka ili fedha kidogo ya dharura ya mifugo isiguswe na matumizi mengine, lakini aliombwa afupishe. Ningetoa saa mbili za kubofya WAHIS nimsikilize huyo hadi mwisho.

Suala la sampuli nalo liliguswa kwa maneno ya jumla. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa, na kutoka Kyela hadi huko ni mwendo wa kuvuka milima ya Rungwe, kupita Mbeya, Makambako na Mafinga, ambao gari la abiria huumaliza kwa siku nzima. Sampuli ya kiungo iliyofungwa vibaya ikiwekwa chini ya kiti cha basi inafika ikiwa haifai, na ugonjwa usiothibitishwa hauingii katika taarifa yoyote ya kimataifa. Wataalamu wa maabara walikuwepo ukumbini. Wangeweza kutuonyesha kwa vitendo jinsi ya kufunga sampuli kwa tabaka tatu, kuiandikia maelezo na kuikabidhi kwa mtu anayeeleweka, lakini walialikwa kama wasikilizaji.

Na mfugaji? Alitajwa kama chanzo cha habari, basi. Hakuna aliyezungumzia kwa undani kwamba anayetoa taarifa ya homa ya nguruwe anatarajia karantini, machinjio kufungwa na majirani kumnunia, na kwamba ugonjwa huo hauna tiba ambayo daktari anaweza kumpa kama shukrani. Katika mikoa ambayo nguruwe ndiye analipa ada ya shule, mazungumzo juu ya taarifa za kimataifa yasiyomgusa mtu huyo yanaacha pengo ambalo mfumo wa kompyuta hauwezi kuliziba. Maofisa wa kata, ambao ndio humkabili, hawakualikwa hata wawili kwa mfano.

Pengo la pili ni sekta ya afya. Homa ya bonde la ufa ya mwaka 2006 na 2007 iliua zaidi ya watu 100 nchini, na utafiti uliofanywa mkoani Mbeya baadaye ulionyesha kwamba watu wengi, hasa wa pande za Ziwa Nyasa, walikuwa wamewahi kukutana na kirusi hicho bila mlipuko mkubwa kutangazwa. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zina saa 24 zake, zinazopelekwa kwa Shirika la Afya Duniani kupitia njia tofauti kabisa. Ni rahisi, basi, kwa nchi moja kutoa taarifa mbili kuhusu ugonjwa mmoja zisizofanana tarehe wala mahali. Ofisi ya Waziri Mkuu inaratibu suala la Afya Moja, yaani ushirikiano wa sekta za afya ya binadamu, wanyama na mazingira, na Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda na kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu, vyote mwendo mfupi kutoka ukumbini. Kuwaalika maofisa wao kwa siku moja kusingeongeza gharama ya kulala hata ya mtu mmoja.

Nyuki na samaki walipata dakika chache, ingawa magonjwa yao yamo katika orodha za shirika. Kwa kuwa nyuki hawako chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, hakuna aliyekuwa na hakika nani angejaza safu zao. Swali liliandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, likabaki hapo.

Kuhusu wakufunzi, sina la kuwalaumu. Walifundisha kwa Kiswahili, wakiingiza istilahi pale ilipobidi, na waliyajua majina ya magonjwa kama yanavyotajwa minadani. Vitabu na picha za kuonyesha vilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Lugha rasmi za shirika ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, kwa hiyo hatuwezi kudai Kiswahili kutoka Paris, lakini waandaaji wa ndani wangeweza kutoa walau ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye sababu za taarifa ya dharura, wa kubandika katika ofisi ya kata. Tuliuomba, tukaahidiwa, na hadi ninapoandika sijauona.

Ukumbi ulikuwa wa kutosha na chakula kizuri. Wali ulikuwa wa Kyela, na wahudumu hawakuwa na haraka ya kuondoa sahani. Mtandao ulikuwa dhaifu mno kwa zoezi la kompyuta, na ilibidi washiriki watumie bando zao wenyewe. Kompyuta zilikuwa moja kwa watu watatu, na kama kawaida aliyeshika kipanya ndiye aliyejifunza. Posho ililipwa kwa wakati, jambo linalostahili kutajwa kwa sababu si la kawaida.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa haki, wa kutatua matukio badala ya kukariri tarehe, na cheti hakikutolewa kwa kuhudhuria pekee. Ufuatiliaji ulioahidiwa ni kundi la WhatsApp, ambalo kwa sasa lina matangazo ya misiba na pongezi zaidi ya maswali ya taaluma, ingawa siku moja mkaguzi wa Kasumulu aliuliza humo kuhusu ng'ombe wenye vidonda midomoni na akajibiwa na mtu wa maabara ndani ya muda mfupi. Kwa jibu hilo moja, sijajitoa.

Atakayealikwa awamu ijayo abebe kompyuta yake, bando lake, na nakala za taarifa za mwezi za halmashauri yake za mwaka mzima uliopita, kwa sababu wakufunzi wako tayari kuzipitia na mwenye takwimu zake mwenyewe hufaidika kuliko anayetumia za kubuni. Kama ana uwezo wa kumshawishi mkurugenzi wake, aombe barua ya pili, ya afisa mifugo wa kata mmoja, na amkalishe kiti cha karibu na kipanya.